Rauta Imejisasisha Usiku, Asubuhi Hakuna Neti: Fanya Hivi Kabla Hujalipa Mara Mbili

Ijumaa moja asubuhi tulifika ofisini kwetu mjini Embu tukakuta WiFi iko lakini neti haipo. Alama ya WiFi ilikuwa imejaa kwenye kila simu, ila ukifungua kitu chochote unaona duara linazunguka tu. Usiku rauta ilikuwa imejisasisha yenyewe na sisi hatukujua. Tulichofikiria kwanza ni kile ambacho pengine hata wewe ungefikiria: kifurushi cha mwezi kimeisha.

Mwenzetu mmoja akatoa simu yake alipe haraka ili kazi ianze, ofisi itamrudishia baadaye. Akalipa kwa apu. Duara likazunguka. Akangoja kidogo, akaona haiendi, akalipa tena kwa menyu ya nyota na reli. Hiyo ya pili ikaenda mara moja. Kumbe hata ile ya kwanza ilikuwa imeenda! SMS ya kuthibitisha iliingia dakika ile ile, lakini macho yake yalikuwa kwenye duara. Na kifurushi chenyewe hakikuwa kimeisha. Zile pesa za pili zilikuwa nauli yake ya kwenda kwao Maua jioni hiyo, pamoja na za vitu vya nyumbani.

Kabla hatujatulia, mwingine wetu, kwa nia njema kabisa, alichukua sindano akabonyeza kile kitundu kilichoandikwa RESET. Hapo tatizo dogo likawa kubwa. Fundi alifika saa tisa alasiri, akaangalia, akacheka kidogo. "Mngeizima tu, mngoje dakika mbili, muiwashe," akasema. "Sasa imesahau kila kitu."

Na sisi ndio tunaowaandikia wateja masomo! Kwa hivyo somo la leo tumeliandika tukiwa na aibu kidogo, lakini tunajua linahitajika. Kama una duka pale Makutano, Meru, kama wewe ni ajenti Runyenjes, au unafanya kazi ukiwa nyumbani Nkubu, siku moja rauta yako itajisasisha na asubuhi utaamka bila neti. Tuone utafanya nini, kuanzia kwenye pesa zako, kisha kwenye rauta.

Pesa zako hazikai kwenye rauta

Tuanze hapa kwa sababu hapa ndipo watu hupata hasara. Ukilipa kwa apu, simu yako hutuma ombi tu. Ombi hilo linaweza kupita kwenye WiFi au kwenye data za laini yako. Pesa zenyewe ziko kwenye akaunti yako, kwenye mitambo ya kampuni inayokuhudumia. Rauta ikizimika, pesa haziguswi. Kinachokatika ni barabara, na barabara ziko zaidi ya moja.

- Menyu ya nyota na reli. Ukipiga kwa mfano *334# kwa M-PESA, simu huongea na mnara wa mtandao moja kwa moja. Haitumii WiFi wala bando. Hata kabambe inaweza.
- Menyu iliyo ndani ya laini. M-PESA ilipozinduliwa Machi 2007, wengi wetu hatukuwa na simu za intaneti. Menyu iliyokuwa kwenye laini ndiyo ilifanya kazi yote, na bado iko.
- Data za simu. Zima WiFi kwenye simu yako, washa data, fungua apu tena. Mara nyingi hiyo inatosha kabisa.

Kwa hivyo kama mteja amesimama mbele yako au mzigo wa ndizi uko kwenye pikapu unangoja malipo, usianze na rauta. Zima WiFi, lipa kwa njia nyingine, halafu sasa ukae chini uangalie rauta bila presha.

Kanuni ya duara: usirudie kabla ya kuhakikisha

Kilichompata mwenzetu ni hiki. WiFi isiyo na intaneti huichanganya simu. Dakika moja inajaribu WiFi, dakika nyingine inahamia data, halafu inarudi WiFi. Ombi lake lilitoka wakati simu iko kwenye data. Jibu lilipokuwa likirudi, simu ilikuwa imesharudi WiFi. Apu ikabaki inazunguka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuanzia leo, duara likizunguka, fuata mambo haya manne kabla ya kulipa tena:

1. Funga apu na uangalie SMS. Ujumbe wa kuthibitisha huja kupitia mtandao wa laini, hauji kwa WiFi.
2. Angalia salio kwa menyu ya nyota na reli. Je, limepungua?
3. Kama huna uhakika, omba taarifa fupi ya akaunti uone malipo ya mwisho yalikwenda wapi.
4. Kama salio halijaguswa na hakuna SMS, ngoja dakika chache, angalia tena, ndipo ujaribu upya kwa njia nyingine.

Na ukiwa umeshalipa mara mbili? Tulia, usifute ujumbe wowote. Ongea kwanza na uliyemlipa, kwa sababu kampuni nyingi zinaweza kuhesabu malipo ya ziada kuwa ya mwezi unaofuata. Kama ulituma kwa M-PESA kwenda kwa mtu asiye sahihi, unaweza kupeleka ule ujumbe wa kuthibitisha kwenda 456 kuomba pesa zirudishwe. Kwa huduma yetu, fungua sehemu ya Usaidizi, au utupigie kama apu haifunguki.

Wenye maduka, hii ni yenu: neti ikikatika huwezi kuona malipo yakiingia kwenye kompyuta au tableti. Matapeli wanajua hivyo. Mtu atakuonyesha SMS kwenye simu yake akuambie, "Boss, nimetuma, angalia." Usiamini SMS iliyo kwenye simu ya mteja. Amini iliyoingia kwenye simu yako, au salio ulilolisoma mwenyewe kwa menyu. Siku ya soko pale Gakoromone, na watu wamepanga foleni, ni rahisi kusema "sawa, enda." Lakini mzigo ukishatoka, umetoka.

Kwani rauta hujisasisha kwa nini?

Ndani ya rauta kuna programu inayoiendesha, inaitwa fimwea. Ni kama ile Android iliyo kwenye simu yako, ila yenyewe hukaa kimya bila kukuletea taarifa. Kampuni ya intaneti inaweza kuibadilisha ikiwa mbali, na mara nyingi hufanya hivyo usiku wa manane wakati watu wengi wamelala.

Inaudhi, lakini ina sababu. Novemba 2016 kule Ujerumani, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom walipata shida ya intaneti baada ya rauta zao kushambuliwa. Dawa ilikuwa fimwea mpya, na wateja wakaambiwa wachomoe rauta kidogo kisha waiwashe upya. Mei 2018 ikagunduliwa programu haribifu iliyoitwa VPNFilter, iliyokuwa imeingia kwenye rauta na vifaa vingine vya mtandao zaidi ya 500,000 katika nchi zisizopungua 54. FBI ya Marekani ikawaomba watu wazime na kuwasha rauta zao.

Kwa hivyo usikasirike na sasisho lenyewe. Rauta isiyosasishwa ni kama duka lenye kufuli la zamani ambalo kila mwizi ana ufunguo wake. Shida ni kwamba sasisho likiisha, mara nyingine kuna mpangilio mmoja unaobadilika, au rauta inaamka nusu. Sasa tuiamshe vizuri.

Hatua ya 1: Ngoja kwanza

Sasisho huchukua dakika kadhaa, na rauta hujizima na kujiwasha katikati. Ukiona taa zinawaka na kuzimika kwa mpango usiouzoea, ipe dakika 10. Usichomoe. Kukata stima katikati ya sasisho kunaweza kuiharibu rauta kabisa, ikawa haiwaki tena.

Hapa kwetu hilo si jambo la kudharau. Embu ni jirani ya mabwawa ya Seven Forks kwenye Mto Tana, yanayozalisha umeme wa nchi, lakini stima hupotea huku kama kwingine. Ukiweza, nunua betri ndogo ya rauta. Itakusaidia stima ikipotea kidogo, na italinda sasisho lisikatike katikati.

Hatua ya 2: Soma taa

Taa za rauta ndizo zitakuambia tatizo liko nyumbani kwako au liko nje.

- PON ya kijani iliyotulia: faiba inaleta mawimbi vizuri.
- LOS nyekundu: mawimbi ya faiba hayafiki. Waya umekatika, umekunjwa sana au umechomoka. Hapa hakuna unachoweza kurekebisha kwenye simu. Angalia kama ule waya mwembamba umechomekwa vizuri, usiukunje, kisha upigie kampuni.
- INTERNET imezima au ni nyekundu huku PON ni sawa: rauta inapata faiba lakini haijakubaliwa kuingia kwenye intaneti. Baada ya sasisho, hii ni kawaida. Endelea na hatua ya 4.
- WLAN au WiFi imezima: sasisho huenda limezima WiFi. Wakati mwingine kuna kitufe pembeni cha kuiwasha.

Majina na rangi hutofautiana kidogo kati ya rauta na rauta. Kama yako ni ya laini, kama zile zinazotumika sana nje ya mji ambako faiba haijafika, angalia taa ya mawimbi ya mtandao badala ya PON.

Hatua ya 3: Ni wewe, ni mtaa, au ni nchi nzima?

Kabla ya kugusa chochote, muulize jirani anayetumia kampuni hiyo hiyo. Si kila neti inayokatika baada ya sasisho imekatwa na sasisho.

Jumapili tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikawa nzito Kenya na nchi nyingine za Afrika Mashariki. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Siku kama hizo unaweza kuwasha na kuzima rauta mpaka kidole kiume, na haitasaidia. Kama tatizo ni stima, ripoti kwa Kenya Power ukipiga *977#. Kama ni kampuni ya intaneti, wapigie, andika namba ya ripoti utakayopewa, kisha utumie data kwa muda.

Hatua ya 4: Izime, ngoja dakika mbili, iwashe

Hii ndiyo dawa tuliyoikosa siku ile. Zima rauta kwenye soketi. Hesabu dakika mbili kamili, iwashe, ngoja dakika tano bila kuigusa. Rauta ikiwaka upya huomba anwani mpya kutoka kwa kampuni na kupanga kumbukumbu yake. Neti nyingi zinazopotea baada ya sasisho hurudi hapa.

Angalia vizuri tofauti hii, kwa sababu ndiyo iliyotuponza. Kuzima na kuwasha ni kama kulala na kuamka: unakumbuka jina lako. RESET ni kurudisha rauta ilivyotoka kiwandani: inasahau jina la WiFi, nywila, na yale majina ya kuingilia uliyowekewa na kampuni. Usiibonyeze mpaka kampuni yenyewe ikuambie, na mpaka uwe na uhakika kwamba wanaweza kukurudishia mipangilio yako.

Hatua ya 5: Iambie simu isahau WiFi

Baada ya sasisho simu inaweza kuwa na kumbukumbu ya zamani isiyolingana na rauta. Nenda kwenye mipangilio ya WiFi, bonyeza jina la WiFi yako, chagua kusahau, kisha ujiunge upya kwa kuandika nywila. Jaribu kwa simu mbili tofauti. Moja ikiingia na nyingine ikikataa, tatizo liko kwenye simu, si kwenye rauta.

Kama simu ya zamani au tableti ya dukani inakataa nywila ambayo una hakika ni sahihi, huenda sasisho limeweka ulinzi mpya wa WPA3. Ulinzi huo ulitangazwa mwaka 2018, na vifaa vingi vya kabla ya hapo haviujui. Mwombe fundi aweke ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, ili vifaa vipya na vya zamani vyote viingie. Usikubali akuwekee WiFi bila nywila eti "ndiyo rahisi."

Hatua ya 6: WiFi inafika sebuleni lakini haifiki dukani

Rauta nyingi hutoa WiFi mbili: ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Ya 5 ina kasi lakini haipendi kuta. Ya 2.4 ni ya polepole kidogo lakini inafika mbali. Nyumba nyingi za Meru na Embu zimejengwa kwa mawe, na ukuta wa mawe huila ile ya 5 haraka sana. Sasisho linaweza kuwa limeziunganisha mbili hizo chini ya jina moja, simu ikang'ang'ania ya 5 hata ukiwa mbali. Sogea karibu na rauta ujaribu. Ikishika vizuri ukiwa karibu, mwombe fundi azitenganishe majina, utumie ya 2.4 kule dukani.

Hatua ya 7: WhatsApp inaingia, apu ya malipo inakataa

Hii huwachanganya watu wengi. Mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni saa. Apu za pesa hukagua tarehe na saa ya simu ili kuhakikisha zinaongea na mitambo ya kweli. Simu ikiwa nyuma kwa siku kadhaa, apu itakataa, na kivinjari kitakuambia ukurasa si salama. Weka saa ijirekebishe yenyewe kutoka kwa mtandao.

La pili ni DNS. Hiyo ni kama kitabu cha namba za simu cha intaneti: unaandika jina, yenyewe inatafuta namba. Ikiharibika baada ya sasisho, intaneti ipo lakini majina hayapatikani. Jaribio lake ni rahisi: fungua kivinjari uandike 1.1.1.1 peke yake. Ukurasa huo ukifunguka na kurasa nyingine zikakataa, basi shida ni DNS. Zima rauta uiwashe. Ikiendelea, mwambie fundi au kampuni, "DNS haifanyi kazi." Wataelewa mara moja.

Lakini hapa fungua macho. Mwaka 2018 watafiti wa Kaspersky walieleza shambulio lililoitwa Roaming Mantis. Matapeli walikuwa wakiingia kwenye rauta na kubadilisha DNS, ili mtu wa Android akifungua kurasa za kawaida apelekwe kwenye ukurasa bandia na kuhimizwa apakue apu feki. Kwa hivyo ukiona ukurasa unaofanana na wetu lakini unaomba PIN yako ndani ya kivinjari, au unakuambia "sasisha apu hapa" badala ya kukupeleka kwenye duka la apu la simu yako, funga. Zima WiFi, tumia data, na utujulishe.

Hatua ya 8: Ingia ndani ya rauta, kama unajiamini

Geuza rauta uangalie stika iliyo chini. Kuna anwani kama 192.168.1.1, 192.168.100.1 au 192.168.8.1, pamoja na jina na nywila ya kuingilia. Iandike kwenye kivinjari ukiwa umeshika WiFi hiyo. Tafuta ukurasa wa hali ya mtandao ulioandikwa WAN. Kama anwani ya IP ni 0.0.0.0, maana yake rauta haijapewa anwani na kampuni. Piga picha ya skrini, wapigie, uwasomee. Simu itakayochukua nusu saa ya "umewasha? umezima?" itakuwa ya dakika tano.

Ukiwa humo, badilisha ile nywila ya kuingilia kama bado ni ya stika. Mtu yeyote aliyewahi kuiona stika yako anaweza kuingia.

Fundi wa kweli haombi PIN

Neti ikikatika mtaa mzima, matapeli hupiga simu. "Habari, sisi ni wa kampuni ya intaneti, tunarekebisha rauta yako, tutumie namba tuliyokutumia kwa SMS." Namba hiyo ni ufunguo wa akaunti yako. Wengine husema wanakurudishia pesa za siku ulizokosa neti, "weka PIN yako upokee." Hakuna mtu anayehitaji PIN ili akutumie pesa.

Hata fundi unayemfahamu, aliyekuja nyumbani na umempa chai, hahitaji PIN ya pesa, wala simu yako ikiwa imefunguka. Anahitaji rauta na soketi tu. Akimaliza, mlipe wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Ujumbe wa utapeli kwa laini ya Safaricom unaweza kuupeleka kwenda 333 bila malipo. Kwetu sisi, utume kupitia Usaidizi.

Jipime

*Swali la 1.* Umelipa kwa apu, duara linazunguka dakika mbili, WiFi iko lakini haina intaneti. Unafanya nini kwanza?
Jibu: Unaangalia SMS na salio kwa menyu ya nyota na reli. Hulipi tena.

*Swali la 2.* Taa ya LOS ni nyekundu. Unazima na kuwasha mara ngapi?
Jibu: Hakuna haja. Angalia kama waya umechomoka, kisha upigie kampuni.

*Swali la 3.* Mteja ana haraka, neti yako imekatika, anakuonyesha SMS ya malipo kwenye simu yake. Unampa mzigo?
Jibu: Bado. Mpaka pesa zionekane kwenye simu yako au kwenye salio lako.

Kazi ya leo, dakika tano tu

Fanya haya leo wakati neti bado iko, kwa sababu ikikatika utayatafuta na hutayapata:

- Piga picha ya stika ya rauta na ya taa zake zikiwa sawa. Siku ya shida utajua ni taa gani imebadilika. Usiitume picha ya stika kwenye grupu.
- Hifadhi kwenye simu namba ya kampuni yako ya intaneti na namba yako ya mteja.
- Jaribu kuangalia salio kwa menyu ya nyota na reli. Kama umesahau jinsi ya kuitumia, leo ndiyo siku ya kujikumbusha.
- Weka kipande cha gundi ya karatasi juu ya kile kitundu cha RESET.

Hicho kipande cha gundi kiko kwenye rauta yetu ya Embu mpaka leo. Mwenzetu alifika Maua Jumamosi badala ya Ijumaa. Malipo ya ziada yalihesabiwa kuwa ya mwezi uliofuata, na ofisi ikamrudishia pesa zake. Tangu siku hiyo, mtu akisema ofisini kwamba neti imepotea, yeye ndiye wa kwanza kuuliza, "Umeangalia SMS?"

Je, rauta yako imewahi kukusumbua wakati wa kulipa? Tuandikie kupitia Usaidizi ndani ya apu, utuambie taa zilikuwaje na ulifanya nini. Tutajibu, na swali lako linaweza kuwa somo letu lijalo.